Mawakala kumi na moja, simu moja

Swali: Shikamoo dada. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na nimetunza stoo miaka mitatu hapa Dar es Salaam mpaka mkataba ulipoisha Februari. Tangu hapo nimetuma CV kwa mawakala wa ajira kumi na moja. Kumi kimya. Mmoja kanipigia, ila anataka shilingi 50,000 za "kufungua faili". Nimpe? *Mtunza stoo, Mbagala*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usimpe. Wakala wa kweli hulipwa na mwajiri aliyemtuma kutafuta mtu. Anayeishi kwa hela za mafaili hana shida wewe ukikosa kazi. Na akikutajia nafasi serikalini, kata simu. Hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye Ajira Portal, na kuomba ni bure.

Sasa hao kumi. Nimekaa upande wao miaka tisa, kwenye ofisi ya Mikocheni yenye feni moja, kwa hiyo najua CV yako iko wapi: imelala kwenye barua pepe, inasubiri mteja apige simu.

Ijumaa moja saa nne asubuhi alipiga mwenye ghala Vingunguti. Anataka mtunza stoo anayejua Tally, programu ya kompyuta ya hesabu na stoo, aanze Jumatatu. Nikaandika "Tally" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kati ya CV mia na ushee zikaibuka sita. Zilizobaki zilikuwa za "wachapakazi wenye kujituma", basi. Wa kwanza namba haipatikani. Wa pili akapokea, "We nani?" Wa tatu, kijana wa Gongo la Mboto, mistari yake ya juu kabisa ilisema: stoo ya vipuri, bidhaa 1,400, nahesabu kila mwisho wa mwezi, naweza kuanza mara moja. Jumatatu akaanza. Wale watatu wa mwisho sikuwapigia kabisa, na huenda mmoja wao alikuwa bora kuliko yeye.

Wewe huna mkataba, na hiyo ni karata yako. Aliyeko kazini kwa mshahara wa mwezi, sheria inamtaka atoe notisi ya siku 28. Wewe kesho uko getini. Liandike hilo juu, pamoja na aina ya stoo, idadi ya bidhaa, programu unazozijua, na mshahara unaoutaka kabla ya makato. Wengi huona aibu kuutaja, kisha wanatupotezea wiki mbili.

Acha kutawanya CV kama vipeperushi. Chagua mawakala wawili watatu wanaoshughulika na maghala na viwanda, upige, umjue anayeshika kazi hizo kwa jina. Kabla hajakupeleka kwa mteja muulize ni kampuni gani, na uandike. Jina lako likifika kampuni moja kupitia mawakala wawili, wataanza kugombania kamisheni, na mwajiri asiyependa kelele atakuweka pembeni. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na mwenye CV hakuwahi kujua kwa nini hakuitwa. Kujisajili TaESA, huduma ya ajira ya serikali, nako hakuna malipo.

Halafu, anwani ya barua pepe uliyotumia kuniandikia inaanza na "mkalibaba". Fungua nyingine leo.