Jiko la kuni la zamani ndani ya nyumba: anza na dohani

Baridi ya Njombe mwezi Juni na Julai haina mzaha. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana nyumba nyingi za zamani huku, zile za misheni na za mashamba makubwa, zilijengwa zikiwa na dohani, yaani njia ya matofali ya kutolea moshi juu ya paa. Naishi kwenye nyumba ya namna hiyo, na jiko lake la chuma ndilo linalotupa joto sebuleni. Watu wanaohamia nyumba hizi huniuliza kama jiko la siku nyingi linafaa kuwashwa tena. Mimi huwauliza kwanza habari za dohani.

Moshi wa kuni hubeba mvuke na lami. Ukipoa njiani, chini ya nyuzi joto 120 hivi, lami hiyo huganda kwenye kuta za dohani. Mwanzoni ni masizi ya kufagilika, baadaye ni utando mweusi, mgumu, unaong'aa. Huo huitwa kreosoti, nao wenyewe huwaka kama kuni. Ukishika moto, joto laweza kupita nyuzi 1,000. Matofali hupasuka, na boriti za paa zilizo jirani huwaka huku waliokaa sebuleni hawana habari.

Utando huo tunautengeneza wenyewe, hasa usiku. Huku ni mazoea kusheheneza jiko kabla ya kulala, kisha kubana hewa yote ili moto ufike asubuhi. Nawaomba sana, tuache. Moto uliobanwa hautoi joto la maana, unatoa moshi mzito na wa baridi, na moshi huo wote unaishia kwenye dohani. Washa moto mdogo wenye hewa ya kutosha, nyumba ipate joto, halafu uache uishe. Usiku ongeza blanketi.

Lawama nyingine ni ya kuni mbichi. Baridi yetu huja mara tu baada ya masika, kwa hiyo kuni zinazouzwa Juni zimetoka kunyeshewa. Za mwaka huu zilipaswa kupasuliwa kiangazi kilichopita na kukaa chini ya paa, pembeni wazi upepo upite. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali, na haitoi povu ikiungua. Kwa kuwa miti ya miwati imejaa huku tangu kampuni ya TANWAT ianze kuipanda mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, mimi situmii mti mwingine: ni mzito na kaa lake linadumu.

Lakini mabaki ya nguzo za umeme, hapana kabisa. Njombe na Mufindi kuna viwanda vya kutia nguzo dawa, na vipande vyake vyenye rangi ya kijani huonekana kama kuni za bure. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake yakimwagwa bustanini yanaipeleka sumu hiyo kwenye mboga.

Kabla ya kuwasha jiko lililokaa muda mrefu, ingiza tochi ndani gizani ukague kwa nje: mwanga ukipenya, kuna ufa. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi. Ukikivuta kikachomoka bila kukwama, kamba ya kuziba mlango imechakaa. Kamba za zamani huenda zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu. Bomba la mabati yaliyopakwa zinki nalo halifai, maana likipata moto sana hutoa mvuke wenye madhara. Acha sentimita 90 kati ya jiko na chochote kinachoweza kuungua, mapazia yakiwemo.

Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi, na wakati wowote utando ukifikia milimita 3. Huku ndege hupenda kujenga humo, na kiota kimoja kinatosha kurudisha moshi ndani. Moshi unaorudi huja na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Watu wawili watatu wakiumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Kifaa cha kengele cha kuitambua hewa hiyo nakihesabu kuwa sehemu ya jiko. Majivu nayo huficha makaa kwa siku kadhaa: yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta.

Dohani ikishika moto utasikia mngurumo mzito juu. Funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu wote nje, piga 114 uwaite Zimamoto. Usimwage maji ndani ya dohani, kwa sababu matofali yaliyopata moto kiasi hicho yatapasuka. Hata moto ukizimika wenyewe, jiko lisiwashwe tena mpaka fundi aikague dohani nzima kwa ndani, kuanzia kwenye jiko hadi juu ya paa.