Meshi ya waifai juu ya ruta ya faiba uliyonayo: anza na waya, vidude baadaye

Mkuu umesema nyumba yako ni ya vyumba vinne, ya chini, ruta ya faiba kampuni walikufungia sebuleni karibu na TV, masta iko mwisho wa korido na huko neti haifiki, sasa unataka kununua meshi (vidude viwili au zaidi vinavyosambaza waifai moja nyumba nzima) na hujui hiyo ruta uitupe au vitaishi pamoja. Wengi hapo juu wamekujibu nunua hii nunua ile. Mi nakujibu kwa upande mwingine kidogo, maana hii kitu nimeifunga kwangu, nikaenda kumfungia mzee wangu, na majirani kadhaa, na ninachokiona kila nyumba ni kwamba aina ya kifaa inachangia kidogo sana ukilinganisha na mambo mawili: umekiweka wapi, na kimeunganishwaje na ruta.

Ruta usiitupe. Ule uzi wa faiba unaingia humo na usajili wako kwa kampuni uko ndani yake, kwa hiyo yenyewe inabaki palepale ilipo na meshi inakuja kukaa nyuma yake.

Ila kabla hujatoa hela fanya hiki kitu kimoja. Chukua laptop, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai ya laptop, halafu pima spidi. Kama kifurushi chako ni mbps 30 na kwa waya unapata 28 au 29, basi tatizo lako ni waifai kweli na meshi itakusaidia. Kama kwa waya penyewe unapata 6, hapo ni simu kwa kampuni, meshi haina cha kukufanyia kwa sababu yenyewe inasambaza kilichopo, haiongezi. Nimeona watu wanafunga vidude vitatu nyumba nzima na wanaendelea kulalamika, kumbe kinachoingia mlangoni ndo kidogo.

Sasa tuje kwenye kuta, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Yale maandishi kwenye boksi kwamba vidude viwili vinafunika nyumba ya ukubwa fulani yamepimwa mahali pa wazi, au kwenye nyumba za mbao na jipsamu kama zile za Marekani. Zetu ni tofali za bloku za inchi sita, juu kuna linta ya zege na nondo ndani, na ukiwa na ghorofa una slabu nzima ya zege katikati. Mawimbi ya 5GHz ambayo ndo yenye spidi yanakufa haraka kwenye kuta za hivyo, ya 2.4GHz yanapenya zaidi ila spidi yake ndogo na majirani wote wamejazana humo. Nina ndugu yuko Mji Mkongwe Zanzibar, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta unene unakaribia nusu mita, pale unatoka chumba kimoja kwenda cha pili simu inabaki na kijipande kimoja cha mawimbi. Nyumba kama ile hata ununue kifaa cha bei gani hakivuki, inabidi kila upande wa nyumba uwe na chake na vyote viungwe kwa waya.

Na hilo la waya ndo moyo wa jibu langu. Meshi inaweza kuongea yenyewe kwa yenyewe hewani, au kupitia waya wa LAN, yaani waya wa neti. Ukiacha iongee hewani na umenunua hizi za kawaida zenye masafa mawili (2.4GHz na 5GHz), mfano Deco M4 ya TP-Link na nyingine za kundi la AC1200 (kiwango cha spidi kinachoandikwa kwenye boksi), kidude cha pili kinatumia ileile 5GHz kuvuta data toka kwa cha kwanza na kukupa wewe kwenye simu, kwa hiyo spidi inagawanyika kama nusu hapo hapo, na cha tatu kikivuta toka kwa cha pili inagawanyika tena. Zile za masafa matatu zina njia moja inayoweza kutumika kwa mawasiliano ya ndani, ni nzuri zaidi, bei yake nayo imesimama, na ukuta wa bloku bado uko palepale. Ukipitisha waya mmoja tu toka ruta mpaka karibu na masta hayo yote yanaisha. Kidude cha masta kinakuwa kama kimechomekwa sebuleni.

Najua utasema kuchimba ukuta hutaki. Angalia dari kwanza. Kama ni jipsamu au mbao na juu ni kenchi, fundi umeme yeyote mzuri anapitisha waya juu anaushusha nyuma ya kabati la masta na hamna mtu atauona. Kama nyumba bado inajengwa, nakusihi kabisa, mwambie fundi aweke paipu ya peke yake kwa ajili ya neti toka sebuleni kwenda kila chumba kabla ya plasta, gharama yake wakati ule ni ndogo mno na baadaye ndo utalia. Usikubali apitishe kwenye paipu moja na waya za umeme, si salama.

Waya wenyewe chukua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Kariakoo zimejaa zile za aluminiamu iliyopakwa shaba, kwenye boksi utaona herufi CCA, ni nyepesi na bei rahisi lakini zinakatika kichwani na mita nyingi zinaanza kusumbua. Cat5e nzuri inabeba gigabiti moja (mbps 1000) mpaka mita 100, nyumba yako haifiki huko hata robo. Fundi akishabana vichwa mwambie apime na testa nyaya zote nane, kwa sababu zikishika nne tu taa itawaka na neti itapita, ila imeganda kwenye mbps 100 na hutajua kwa nini.

Hapo hapo niongelee poti maana watu wananunua bila kuangalia. Deco E4 poti zake ni za mbps 100, M4 ni za gigabiti, na kwa macho zinafanana sana. Kama kifurushi chako ni cha 20, 30, 50, E4 inakutosha kabisa usidanganywe na mtu wa dukani. Ukiwa na kifurushi kinachozidi 100 ndo utafute ya gigabiti. Ukiletewa na ndugu toka Marekani soma kwenye adapta, ikiandikwa 100-240V unahitaji kibadilisha plagi tu, ikiandikwa 120V peke yake usiichomeke.

Haya, kufunga kwenyewe. Waya toka poti ya LAN ya ruta (LAN, sio ile ya faiba wala ya simu) unaingia kwenye kidude cha kwanza, unashusha apu ya hiyo meshi kwenye simu, unafuata maelekezo, dakika chache kinawaka. Kuna uamuzi mmoja ambao apu haitakuuliza kwa kukazia na ndo unaosababisha nusu ya mada za malalamiko humu jukwaani. Meshi ukiiacha ilivyo inajiona ni ruta. Ruta ya kampuni inagawa anwani zake (namba ambazo kila kifaa kinapewa ili kitambulike kwenye mtandao), labda 192.168.1 au 192.168.100, halafu Deco nayo inaanza kugawa za kwake 192.168.68, sasa nyumba moja ina mitandao miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Kuperuzi utaperuzi vizuri, YouTube itacheza, utadhani mambo safi. Shida inakuja kwa vile ulivyoviacha kwenye ruta ya kwanza: printa iko kule, simu iko kwenye meshi, apu ya printa haiioni, TV imebaki waifai ya zamani na ukitaka kurusha picha toka kwenye simu haitokei, gemu za mtandaoni za watoto zinagoma kuunganisha sauti. Na ikitokea meshi nayo inagawa namba zilezile za ruta ndo vurugu kabisa.

Dawa ni kuibadili meshi iwe akses pointi. Kwenye Deco unaingia More, halafu Advanced, halafu Operation Mode, unachagua Access Point, inajiwasha upya, basi. Hapo ruta ya kampuni ndo inagawa anwani kwa wote, meshi inasambaza waifai tu, kila kitu kinaonana na kila kitu. Unachopoteza ni vile vitu vya ziada vya apu, mfano kuwawekea watoto muda wa kulala au kugawa nani apewe spidi kwanza, kwenye Deco hivyo vinafanya kazi ikiwa ruta tu. Kama hilo la watoto kwako ni la lazima, na najua kwa wazazi wengi ni la lazima, basi acha meshi iwe ruta lakini hamisha kila kifaa kije kwenye meshi, kuanzia TV, printa, DVR (kirekodi) ya kamera, usiache hata kimoja kule nyuma, mitandao miwili haina madhara makubwa kama mmoja hauna mtu. Kuna njia ya tatu, kuomba kampuni waifanye ruta yao iwe daraja tu, yaani ipitishe neti bila kugawa anwani, na wakupe jina na paswedi ya PPPoE (ya kuingilia neti ya kampuni) uweke kwenye meshi, ni nzuri lakini inategemea umempata nani kwenye simu, mimi kwa mtu wa kawaida sishauri aanzie huko.

Ukimaliza hapo zima waifai ya ruta ya zamani. Hii usiiruke. Ruta nyingi za faiba zina kitufe ubavuni kimeandikwa WLAN, bonyeza mpaka taa yake izime, au ingia kwenye setingi zake uzime 2.4 na 5 zote mbili. Ukiiacha simu zitaendelea kuing'ang'ania, simu nyingi haziachii waifai mpaka iwe imekufa kabisa, na zile waifai mbili zinapigana kelele sebuleni kwa sebuleni. Na kuna siri ndogo inayookoa jioni nzima: jina la waifai na paswedi ya meshi weka yaleyale ya zamani, herufi kwa herufi. TV, simu za wageni, kamera, vyote vinarudi vyenyewe bila kugusa rimoti. Kamera na plagi janja nyingi zinajua 2.4GHz tu, ikigoma kuungwa mara ya kwanza zima 5GHz kwenye apu kwa muda, iunge, halafu irudishe.

Mahali pa kuweka. Watu wanaweka kidude cha pili ndani ya chumba kisicho na neti, na kama kinavuta hewani hapo unakiomba kisambaze ambacho chenyewe hakina. Kisicho na waya kikae katikati ya safari, kwako wewe ningekiweka korido karibu na mlango wa masta, mahali ambapo simu bado inasoma kama -60 au -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ukifika -75 mawimbi ni dhaifu, umeshapitiliza (apu za bure za kupima hizi zipo nyingi kwenye Android). Kiwe juu ya meza au kabati, wazi. Nyuma ya TV hapana, ndani ya kabati la vyombo hapana, karibu na friji au kioo kikubwa cha kabati la nguo hapana, bati na kioo cha kujitazamia vinarudisha mawimbi. Chenye waya we kiweke popote unapokaa.

Kama una banda la uani unataka nako neti ifike, kwa waya wa shaba unaopita nje kati ya majengo mawili niko mwangalifu sana, hasa ndugu zangu wa kanda ya ziwa ambako radi ni za kutosha, radi ikipiga jirani waya ule unaiingiza ndani mpaka kwenye ruta na TV. Huko tumia faiba fupi na vigeuzi vyake viwili (vya kuunganisha faiba na waya wa shaba kila upande), au vile vifaa vya kurusha hewani toka ukuta hadi ukuta.

Umeme nao uufikirie mapema. Ukikatika, kidude cha masta hata kama kina betri hakina maana kama ruta sebuleni imezima. Zile UPS ndogo za 12V (vifaa vya betri vinavyoshika umeme ukikatika) zinafaa, angalia tu adapta ya kila kifaa imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi, UPS itoe volti zilezile na ampea zisipungue, na kwa mpangilio wako utahitaji mbili, ya sebuleni ibebe ruta pamoja na kidude cha kwanza.

Kwa vyumba vinne vya chini mi nakwambia vidude viwili na waya mmoja, cha tatu usinunue kwanza. Sasa niambie dari yako ni jipsamu au slabu, na toka ruta mpaka mlango wa masta ni kama mita ngapi, ukiweza tupia mchoro wa nyumba hata wa mkono nikuonyeshe waya upite wapi.