Muulize Bi Shamba: Kastanya yangu mbona yageuka manjano?

*Assalam aleikum Bi Shamba. Mie niko Tudor, hapa Mombasa. Dadangu ameolewa Italia, mwisho wa Desemba alikuja na njugu waziita kastanya, za kahawia zang'ara kama kiatu kilichopigwa rangi, alikuwa kaziweka frijini na mchanga mbichi tangu Oktoba. Nyingi tulichoma tukala, ladha yake kama kiazi kitamu. Nane nikazifukia kwenye ndoo kuukuu na udongo wa nyuma ya nyumba, namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Imeota moja tu. Ina majani sita lakini machanga yatoka manjano, mishipa tu ndio kijani, na ya chini kingo zimekauka kama zimepitiwa na moto. Nitie mbolea gani? Na matunda nitakula baada ya miaka mingapi? — Mama Wawili*

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hongera, hio mbegu ikikauka ndio basi imekufa, na dadako alijua analolifanya, kastanya yataka ilale kwenye ubaridi miezi miwili mitatu ndio iamke. Wengine huniletea zilizokaa kabatini, ukitikisa zalia ndani kama kayamba, hizo hata uzisomee dua hazioti.

Mbolea weka kando kwanza. Chota udongo wa ndoo hio, udondoshee siki kidogo, nakwambia utatoa povu. Chokaa hio! Kisiwa chetu kimekalia mawe ya matumbawe na kastanya ni mti wa udongo wenye asidi, ukiuweka kwenye chokaa mizizi haiwezi kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele, ndio hayo majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Na hizo kingo zilizoungua si moto wala si jicho la mtu, ni maji ya kisima. Wayajua mwenyewe maji yetu, sabuni haitoi povu na chai waipika yaja na uchumvi wake, sasa mche mchanga wanyweshwa mara mbili kwa siku.

Uhamishe polepole bila kuvunja mzizi mkuu, tafuta ndoo ndefu yenye matundu chini, tia udongo mwekundu wa wale wauza miche wa barabarani uchanganye na mboji ya majani yaliyooza. Jivu usitie kabisa, najua tumezoea kutia jivu kila kitu, hapa litazidisha hayo hayo. Maji yawe ya mvua ukiweza kukinga, na umwagilie udongo ukianza kukauka juu, si kwa saa, maana mizizi ya kastanya ikikaa majini huoza. Jua la asubuhi, kivuli mchana.

Ama matunda, sitaki nikudanganye. Mti huu kwao hupukutisha majani ukalala msimu mzima wa baridi, sisi hapa hata Julai usiku ni nyuzi 20 hivi, utalala saa ngapi? Na hata ungechanua, mmoja peke yake hauzai vizuri, wataka mwenziwe wa kuchavushana nao, na kila mmoja waweza kufika mita 30. Kule Sicily karibu na mlima Etna uko mmoja wakisia una miaka 2,000 mpaka 4,000, wana hadithi yao ati malkia na wapanda farasi mia walijikinga mvua chini yake. Ndoo yako hio mama!

Halafu dadako siku nyingine alete zilizochomwa. Mbegu mbichi kuingiza nchini ni lazima kibali cha KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea Kenya, na si ukorofi. Mwaka 1904 kuvu iliyotoka Asia ilionekana kwenye michestinati ya New York, ndio hio hio kastanya lakini ya kabila la Marekani, ikamaliza miti inayokadiriwa bilioni 3 hadi 4.

Ukitaka mti wa kula njugu na kukaa kivulini, panda mkungu. Chokaa haiujali, chumvi haiujali, na majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, dadako akija atadhani yuko Italia. Kungu waacha ikauke, wagonga na jiwe kwa ubavu, kiini ni chembamba kama kidole cha mtoto lakini kitamu. Usiupande ukutani tu, na fagio liwe karibu.

*Bi Shamba, mimi ni kijana wa Kongowea, nilipewa hizo chestinati kazini nikazitupa kwenye makaa, mbili zikalipuka, jivu mpaka kwenye chai. Zimeharibika?*

Hazijaharibika, hukuzichanja. Ganda lake halipitishi hewa, maji ya ndani yakipata moto yageuka mvuke na mvuke hauna pa kutokea. Chukua kisu chenye ncha, chanja msalaba upande ule wa duara, kisha weka kwenye karai juu ya moto wa wastani ukigeuza geuza, dakika 20 hivi, mpaka ganda lifunguke pale ulipochanja. Menya zingali moto, zikipoa ile ngozi ya ndani haibanduki tena. Na chai funika.