Barua kwa Mwanangu: Kilichowaua Askari wa Valley Forge

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, pamoja na picha za vibanda vya magogo ulivyovikuta Valley Forge, Pennsylvania. Umeniuliza mambo mawili: watu kumi na wawili waliishije katika kibanda kama kile, na je, ni kweli baridi ndiyo iliyowaua askari karibu 2,000 wa George Washington, jenerali wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza, mahali ambapo hapakupiganwa vita vyovyote? La pili nalijibu kwanza kwa sababu ni fupi. Si baridi. Ila sababu yenyewe huwezi kuiona mpaka uingie kibandani, kwa hiyo twende pole pole.

Waingereza waliuteka mji wa Philadelphia Septemba 1777. Washington alileta watu wapatao 12,000 Valley Forge tarehe 19 Desemba mwaka huohuo. Ni kama kilomita 30 kutoka mjini: karibu kiasi cha kumchunga adui, mbali kiasi cha kutoshtukizwa usingizini. Kulikuwa na vilima, mto na msitu. Nyumba za kuwalaza hazikuwapo, wakajenga wenyewe.

Amri ya ujenzi ilitolewa siku moja kabla ya kufika, na ilikuwa na vipimo kamili. Kibanda kiwe futi 14 kwa 16, kuta za magogo zenye kimo cha futi sita na nusu, nyufa zikandikwe udongo wa mfinyanzi. Meko yawe upande wa nyuma, yajengwe kwa miti na kusiribwa kwa ndani udongo wenye unene wa inchi 18, maana bila hivyo dohani ya miti ingewaka moto. Mlango uelekee njia ya kambi. Kila kibanda watu 12. Piga hesabu: kila mtu anapata futi za mraba zisizofika 19, na humo mna meko, bunduki, kuni na nguo zilizolowa. Ndiyo maana walijenga vitanda vya kupandana, kimoja juu ya kingine, kwenye kuta. Washington aliahidi dola 12 kwa kundi litakalomaliza mapema na vizuri zaidi katika kila rejimenti, na dola 100 kwa atakayebuni paa la bei nafuu lisilohitaji mbao.

Ile dola 100 inakuonyesha tatizo lilikuwa wapi. Mbao hazikuwapo, na kila kilichotumika badala yake kilikuwa na kasoro. Paa la mabua ya ngano linavuja, na mabua hayohayo yalitakiwa kwa ajili ya farasi na kwa kulalia. Udongo unaokandikwa wakati wa barafu haushiki: maji yaliyomo yanaganda, yakiyeyuka udongo unapasuka na kudondoka. Kuni mbichi hazitoi joto la maana ila moshi, na moshi unarudi ndani dohani ikiwa fupi. Mashoka yalikuwa machache, yakapokezanwa. Wapo waliochimba sakafu chini ya usawa wa ardhi ili wapunguze magogo ya ukuta na kukwepa upepo. Kwa siku chache za mwanzo lilionekana wazo zuri. Theluji ilipoyeyuka, shimo likageuka kisima.

Na theluji iliyeyuka mara nyingi, jambo ambalo wasimulizi wengi hawalitaji. Majira yale ya baridi hayakuwa makali kupita kiasi. Yalikuwa ya kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Barabara iliyoganda hupitisha magari ya kukokotwa na farasi, lakini ya tope humeza magurudumu hadi kwenye ekseli. Sasa chukua posho ya askari mmoja kwa siku kama ilivyoandikwa: ratili moja (karibu nusu kilo) ya nyama ya ng'ombe na ratili moja ya mkate au unga, tukiacha kunde, maziwa na pombe. Kwa watu 12,000 hiyo ni zaidi ya tani tano za unga kila siku, na nyama kiasi hichohicho. Chumvi ya kuhifadhia nyama ilikuwa adimu, hivyo ng'ombe waliswagwa kwa miguu kutoka mbali, hata New England kule kaskazini-mashariki, wakafika wamekonda. Farasi wa kuvuta magari nao walikosa majani, wakafa kwa mamia. Mkuu wa ugavi, Thomas Mifflin, alikuwa ameshajiuzulu na kiti chake hakikupata mtu wa kukishika sawasawa mpaka Nathanael Greene alipokubali kazi hiyo Machi 1778. Kwa maoni yangu, uzembe huo wa ofisini uliwatesa askari kuliko Waingereza walivyowatesa.

Unga ukipatikana bila kingine, walichofanya ni kuukanda kwa maji matupu, bila hamira wala chumvi, wakaubandika juu ya jiwe la moto au majivuni. Nje unaungua, ndani unabaki mbichi, na majivu yanaliwa humohumo. Mtu akila hivyo siku kadhaa mfululizo tumbo lazima limgeukie.

Sasa tufike kwenye mauti. Theluthi mbili hivi ya waliokufa walikufa Machi, Aprili na Mei, jua limeshaanza kuwaka. Baridi ingekuwa muuaji, makaburi yangechimbwa Januari. Waliokuwa wakiua ni taifasi, taifodi, kuhara damu na homa za mapafu.

Mshike taifasi kwanza. Huletwa na chawa wa mwilini, na chawa huyu haishi nyweleni, anaishi kwenye mishono ya nguo. Dawa yake ni kuchemsha nguo. Washington aliandikia Kongresi, yaani bunge la Wamarekani, tarehe 23 Desemba kwamba ana watu 2,898 wasiofaa kwa kazi kwa kuwa hawana viatu au nguo, na kwamba ni wachache wenye shati zaidi ya moja, wengi wana nusu shati, na wengine hawana kabisa. Mwenye shati moja hawezi kulivua alichemshe wakati wa baridi. Analivaa mwezi mzima, analala akibanana na wenzake kumi na mmoja juu ya mabua yasiyobadilishwa, na chawa wanahama kutoka mtu hadi mtu. Kambini walikuwapo wanawake mamia kadhaa, wengi wake wa askari, waliofua na kuuguza, lakini sabuni ilikosekana na nguo ya kubadili haikuwapo. Kwa hiyo ukosefu wa nguo uliua kweli, ila uliua kupitia uchafu zaidi kuliko kupitia baridi. Viatu navyo ni hivyohivyo: asiye na viatu hatoki usiku kwenda kwenye shimo la choo lililo mbali, anajisaidia nyuma ya kibanda. Theluji inafunika, masika inafunua, na maji yanateremka hadi kwenye vijito vya kunywa. Ongeza mizoga ya farasi waliolala juu ya ardhi ngumu isiyochimbika. Taifodi na kuhara damu havihitaji zaidi ya hapo.

Wakati ule hakuna aliyejua habari za vijidudu. Waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya. Ndiyo maana Mei 1778 iliamriwa udongo wa kutani ubomolewe upepo upite, na baruti ya risasi moja ichomwe ndani ya kila kibanda kila siku. Upepo ulisaidia, moshi wa baruti chawa hakuujali. Upele walitibu kwa salfa iliyochanganywa na mafuta, na hiyo ni dawa ya kweli.

Hospitali zilikuwa hatari kuliko vibanda. Wagonjwa walirundikwa makanisani na maghalani, aliyekufa akiondolewa, mwingine analazwa juu ya mabua yaleyale na blanketi lilelile. Wauguzi na madaktari pia walikufa.

Ndui peke yake ndiyo waliyoitangulia. Mwaka 1777 Washington aliamuru askari wachanjwe, na Valley Forge waliendelea na maelfu ambao hawajawahi kuugua. Walichana ngozi ya mkono kidogo na kupaka usaha wa mgonjwa, kisha mtu anatengwa wiki kadhaa akiugua kwa unafuu. Wachache sana walikufa, tofauti na ndui ya kuambukizwa kawaida. Na ujue kwamba mjini Boston elimu hiyo ilipokelewa kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Onesimus, aliyeeleza jinsi alivyochanjwa kwao. Ilianza kutumika huko mwaka 1721.

Ukitaka uthibitisho kuwa baridi si muuaji, angalia Morristown, New Jersey, ambako jeshi hilohilo lilipiga kambi majira ya baridi ya 1779 hadi 1780. Hayo ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote ya vita vile, hata bandari ya New York iliganda. Njaa ilikuwa ileile, na Januari dhoruba ya theluji ilifunga barabara kabisa. Lakini katika jeshi la watu zaidi ya 10,000, waliokufa kambini ni kama mia moja tu. Vibanda vilijengwa mteremkoni ili maji yaondoke, na kilichokiuka vipimo kilibomolewa kikajengwa upya. Daktari James Tilton alijenga hospitali ya magogo yenye sakafu ya udongo, moto katikati, moshi ukitokea juu ya paa, na vyumba vidogo vilivyotenganisha wenye homa na majeruhi. Askari wengi walishachanjwa na walishajifunza kuishi kambini. Von Steuben, yule ofisa kutoka Prussia ya Ujerumani aliyefika Valley Forge Februari 1778 na anayesifiwa kwa kwata na singe, aliandika kanuni za jeshi zilizotoka 1779. Humo mmeandikwa kuwa vyoo viwe futi 300 kutoka kambini, vifukiwe na vipya vichimbwe kila siku nne, na mara nyingi zaidi wakati wa joto. Mimi ningemsifia hicho kifungu kabla ya kwata.

Ukipata nafasi nenda Jockey Hollow, palepale Morristown, nako wamejenga vibanda vya mfano. Usiishie kupiga picha milangoni, panda juu ya kilima utazame maji ya mvua yanakoelekea.

Wasalimie wote nyumbani.

Mama yako