Babu yangu alikuwa na mkeka tu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, ati kuna faida gani mtu kujiunga na klabu ya wapenda nyota ya mtaani kwake, limenikaa rohoni tangu nilisome. Mwanzo nilikasirika, nasema ukweli. Sisi watu wa Malindi na Ngomeni tangu lini nyota tukatazama kwa kadi na ada? Huyo Vasco da Gama ambaye kila mgeni anaenda kupiga picha nguzo yake, 1498 alifika hapa hajui njia, akapewa rubani hapa hapa Malindi ndo akafika Bara Hindi, na huyo rubani jina lake watu wanabishana mpaka leo. Basi nikasema naandika kuwaambia hatuhitaji klabu, tunahitaji wazee wetu wasikilizwe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Ngomeni, ukitoka Malindi, ukifika Gongoni kwenye mashamba ya chumvi unakata kulia unaenda mpaka baharini. Usiku ukimuuliza saa ngapi haangalii saa, anatoka nje anainua kichwa. Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, kikipotea magharibi jioni anaanza kutengeneza paa, manake kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na alikuwa hakosei sana.

Na mbele ya macho yake miaka yote ilikuwepo San Marco, ile mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini, walirusha roketi pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Babu alikuwa akituhadithia vile moto ulikuwa unapanda kutoka majini. Lakini kilichorushwa ni nini, kilienda kufanya nini, hakuna aliyemkalisha chini akamwambia. Mimi nimekuja kujua nikiwa mtu mzima, nasoma kwenye simu, kwamba tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ilipaa pale setilaiti ya Wamarekani wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku yetu, na ndo ilikuwa ya kwanza duniani kupelekwa juu kwa kazi ya kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota, na vipimo vyake vikawasaidia wataalamu kulitambua lile shimo jeusi la angani, ambalo hata mwanga hautoki ndani yake, wanaloliita Cygnus X-1. Jina la Kiswahili, kutoka bahari ya babu, na babu alikuwa anajua tu kwamba "walirusha chuma". Hiyo inaniuma mpaka sa hii.

Sasa niwaambie usiku mmoja. Ilikuwa Ijumaa, 27 Julai 2018, mwezi ulipopatwa ule mpatwa mrefu kabisa wa karne hii, saa nzima na dakika 43 umefunikwa wote. Mimi nilikuwa Ngomeni na mwanangu mdogo, bado ananyonya. Wanaume walikuwa msikitini kwa swala ya kupatwa mwezi, sisi na bibi tuko uani, upepo wa kusi unavuma na mawingu yanapita, dakika mbili unauona dakika tano huuoni, mpaka bibi akachoka akaingia ndani. Saa nne na nusu hivi ukawa mwekundu wote, rangi ya shaba ya sufuria kuukuu. Babu akarudi, akatandika mkeka akalala chali kanzu yote, hata kofia hakuvua. Kando ya mwezi upande wa kusini kulikuwa na nyota nyekundu kali sana, nikamuuliza babu ni nini hiyo, akasema Mirihi, ile sayari ya Mars, na mwaka huu amekaribia. Halafu akafumba jicho moja, akanyoosha mkono mpaka kiwiko kikalingana, akaweka vidole kati ya mwezi na ile nyota, vile vidole vyake vimekatwakatwa na mshipi, akasema "vitatu na ushee." Akanishika mkono na mimi nipime. Vyangu ni vyembamba, vikaingia vinne. Akasema kila mtu ana kipimo chake, ukikijua chako hupotei.

Hapo ndo akaja binamu yangu, yeye anatembeza wageni Watamu kuangalia ndege, ana darubini ya macho mawili. Akamwambia babu, hebu tazama ile nyota pale magharibi. Babu akasema huyo Mshtarii, namjua, yaani ile sayari ya Jupita. Binamu akasema tazama tu. Babu akaiweka machoni, mikono inatetemeka mpaka ikabidi tumuegemeze kwenye ukuta wa choo, akatulia kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Ana watoto." Kile kinukta cheupe alichokifuata baharini miaka hamsini pembeni yake kuna vidoti vimejipanga mstari mmoja, ni miezi yake, na babu alikuwa hajawahi kujua. Akaomba tena na tena, mwezi mwekundu akausahau kabisa, mpaka Mshtarii akashuka kwenye minazi.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Hatukuandika chochote, si majina ya nyota zake, si vidole, si chochote.

Nimefika hapa nikaona ile hasira niliyoanza nayo imepungua. Manake mwaka jana, 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa tena, nikapanda juu ya paa na mwanangu, sasa anasoma, akanionyesha nyota upande wa chini wa mwezi akaniuliza mama ile ni gani. Sikujua. Nikauliza simu, simu ikasema Zohali, sayari ya Saturn. Mtoto akauliza ina watoto? Nikamwambia ina pete lakini kwa macho hatuzioni, inataka darubini yenye nguvu kuliko ile ya binamu, na darubini kama hiyo Malindi mimi sijui nani anayo. Kuna akina Susan Murabana wa Nairobi wanazunguka na darubini mashuleni, Mungu awalipe, lakini mtoto hawezi kungoja wageni waje ndo aone anga la kwao. Na anga letu si dogo, kwa vile tuko karibu na ikweta yale makundi ya nyota mawili, Msalaba wa Kusini tunauona na lile Jembe la kaskazini tunaliona, tena mwezi wa tano usiku mmoja, wakati mtu wa Uingereza ule Msalaba hauoni maisha yake yote akiwa kwao.

Kwa hivyo klabu ikija nitajiunga, ingawa nilikaa kuandika kupinga. Lakini vikao visiwe hotelini ufuoni, taa za pale zinaua nyota na walinzi watatuuliza tunatafuta nini. Usafiri wa kurudi uwe umepangwa kabla, sisi wanawake na wasichana saa nne usiku hatuwezi kusimama barabarani kutafuta bodaboda. Ada iwe ya mvuvi kumudu. Na kikao cha kwanza wasianze na darubini, waanze na wazee wa Ngomeni na Mayungu waliobaki, mtu awe na daftari, aandike kila nyota wanaiitaje na walikuwa wanaifuata kwenda wapi, darubini ndo iletwe baadaye, na wao ndo watazame kwanza.