Kazi ndiyo mbaya, au ni mimi nilivyo?

Barua za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimezunguka jambo moja: mtu haridhiki na kazi yake, na hajui alaumu kazi au ajilaumu mwenyewe. Wengine walikwisha kuhukumiwa na mwajiri, mume au mama mzazi kabla hawajaniandikia. Nimechagua saba. Majina nimeyaacha.

Nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Wageni wananisifu kwa tabasamu, lakini nikifika nyumbani Njiro sitaki hata watoto waniongeleshe. Mume wangu anasema sina akili ya hisia. Ni kweli?

Hapana, dada yangu. Mgeni anafika usiku kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, begi lake limebaki njiani, anafoka kana kwamba wewe ndiye uliyeliacha. Wewe unabaki mtulivu, unamtafutia chai, unapiga simu uwanjani. Hiyo ndiyo akili ya hisia yenyewe. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioifafanua mwaka 1990, waliieleza kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yako. Hayo unayafanya kutwa.

Kinachokumaliza ni kingine. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege, alieleza kwamba ziko kazi ambazo tabasamu ni sehemu ya kile kinachouzwa. Akaona watu huzifanya kwa namna mbili. Wengine huvaa uso tu: moyoni mtu anachemka, usoni anacheka. Wengine hujitahidi kuigeuza hisia yenyewe kabla ya kuionyesha. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta kwamba namna ya kwanza ndiyo inayoandamana na uchovu mkali na kutoridhika na kazi. Ya pili haiumizi kiasi hicho.

Anzia hapo. Kabla hujamjibu mwenye begi, jikumbushe kwamba huenda hajalala tangu juzi, na kwenye begi hilo kuna viatu alivyonunua kwa ajili ya mlima anaoanza kuupanda kesho asubuhi. Huruma ikija kweli, tabasamu halikugharimu sana. Ila sikwambii umfanyie hivyo kila mtu. Mgeni anayekutukana, au anayekushika bila ridhaa yako, huyo akutane na meneja. Hoteli ambayo meneja wake hatoki ofisini wakati kama huo haina haki ya kukudai tabasamu.

Halafu mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukifika, dada wengi wa mapokezi hula wamesimama nyuma ya kaunta, macho mlangoni. Idai saa yako, na chakula ukile mahali ambapo hakuna mgeni anayekuona. Muombe msimamizi akuzungushe pia, siku mbili tatu kwa wiki ukae kwenye booking, ambako kazi ni simu na barua pepe. Na mume wako umweleze kwa utulivu kwamba hisia unazo, ila zimetumika kazini mpaka zikaisha, na ukifika unaomba nusu saa ya kimya kabla hujaanza kuitwa mama. Watoto nao waelezwe. Wakielezwa huelewa kuliko tunavyodhani.

Kanisani tulifundishwa tabia nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali, wa kuamrisha), melankoli (wa mawazo mengi na huzuni) na flegmatiki (mtulivu). Bosi wetu ameipenda semina, sasa anataka kutupanga kazi kwa makundi hayo. Mimi nimeambiwa ni melankoli, eti nikae stoo.

Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Mafundisho haya yana mizizi Ugiriki ya kale. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliyahusisha na majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Kwenye semina ya vijana au ya wachumba yanawasaidia watu kufunguka, na sina ugomvi nayo hapo. Kumpangia mtu riziki ni jambo zito zaidi. Haiba, yaani mtu alivyo kwa tabia, ni kama urefu: warefu sana ni wachache, wafupi sana ni wachache, na wengi wetu tuko katikati.

Wanasaikolojia wengi leo hutumia vipimo vitano: uchangamfu, umakini katika wajibu, upole kwa watu, kupenda mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anavyo vyote, kwa viwango mbalimbali. Mwaka 2002 Timothy Judge, Daniel Heller na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi kuona vinahusianaje na kuridhika kazini. Katika hesabu ambayo 0 ni kutokuwepo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, wasiwasi ulipata 0.29 upande wa hasi, maana yake mwenye wasiwasi mwingi huelekea kuridhika kidogo. Umakini ulipata 0.26, uchangamfu 0.25, upole 0.17. Kupenda mambo mapya kulipata 0.02, karibu na bure. Vyote vitano kwa pamoja vilifika 0.41, na hiyo, ikizidishwa kwa yenyewe, inaeleza chini ya moja ya tano ya tofauti zilizopo kati ya mtu anayeridhika na asiyeridhika. Sehemu kubwa iliyobaki itafutwe kwingine: kwenye kazi yenyewe, kwa msimamizi, kwenye malipo, na nyumbani kwa mtu. Mwonyeshe bosi namba hizo, kisha muulize nani aliyekuwa akifanya vizuri mezani kwake kabla ya semina.

Nina miaka 28, nakaa Majengo, Moshi. Niliacha duka la vifaa vya ujenzi, nikawa afisa mikopo, sasa niko ofisi ya usafirishaji. Kila kazi naipenda miezi ya mwanzo, halafu naichukia. Mama anasema nina roho ya kutoridhika.

Mdogo wangu, mama ameona kitu cha kweli. Mwaka 1985 Barry Staw na Jerry Ross walionyesha kwamba wanaume wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa walielekea kubaki na kiwango kilekile cha kuridhika hata walipobadili mwajiri na aina ya kazi. Mwaka 1989 Richard Arvey na wenzake wakachunguza jozi 34 za mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, wakakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya tofauti za kuridhika na kazi zinatokana na urithi. Mtu anahama kazi, lakini anahama na nafsi yake.

Hata hivyo asilimia 30 inaacha 70, na kwenye barua yako kuna mambo ambayo mama hakuyasoma. Unaandika kwamba ukiwa afisa mikopo ulikosa usingizi kila usiku wa kuamkia siku ya marejesho, kwa sababu ulitakiwa kukaa kwenye kochi la mama wa watu kule Kiboriloni mpaka alipe, au uondoke na televisheni yake. Mpe kazi hiyo mtu yeyote mpole, ataichukia hata ukimlipa vizuri. Dukani, unasema, ulichoka kukaa toka asubuhi bila mteja. Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa, na zote mbili naziheshimu.

Chukua daftari. Kwa kila kazi kati ya hizo tatu andika ni lini raha ilianza kuisha, nani alikuwepo, na ulikuwa unafanya nini saa hiyo. Ukikuta sababu tatu zisizofanana, basi umekuwa ukiomba kazi bila kujua unatafuta nini ndani yake, na sasa utaanza kujua. Ukikuta sababu ni ileile kila mahali, tuseme kila ulipokosolewa mbele ya wenzako, hapo ndipo pa kushughulikia, maana kazi ya nne nayo itakuwa na mkosoaji. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla daftari halijajaa. Na ukishaandika, msomee mama.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi na sasa nina leseni ya kuongoza wageni. Kampuni hainipi kundi langu. Wanasema mimi ni mkimya mno, wageni wanataka mtu mchangamfu.

Kaka, wageni wanataka kufika na kurudi salama. Usiku wa manane, kutoka Barafu au Kibo Hut kuelekea Uhuru kwenye mita 5,895, hadithi huwa zimekwisha. Anayehitajika saa hiyo ni yule anayeona kwamba mgeni wa tatu ameacha kujibu salamu, anapepesuka, anavaa glavu moja na hajui nyingine iko wapi, na anayejua kwamba dalili hizo maana yake ni kumshusha sasa hivi. Kutambua ndiko kunakoanza katika akili ya hisia, na wakimya wengi mna jicho hilo. Ninyi wagumu, wabeba mizigo wa mlimani, mnalo zaidi, kwa sababu mmeshawahi kuwa watu wasiotazamwa.

Upande wako nao una kazi. Mgeni asiyejua Kiswahili wala wewe ni nani huutafsiri ukimya kuwa hasira au kutojua. Kwa hiyo utamke. Mwambie jioni ya kwanza: "Mimi si msemaji sana. Njiani nitakuwa nasikiliza unavyopumua." Jifunze kwa moyo maelezo ya kila jioni kuhusu njia ya kesho, saa za kutembea na maji ya kubeba, uyaseme vilevile kila mara. Kisha iombe kampuni kundi dogo, watu wawili au watatu. Wakirudi wameridhika, jina lako litatajwa na wao.

Nikiongezwa mshahara, nitaipenda kazi?

Kidogo. Judge na wenzake walipokusanya tafiti mwaka 2010 walikuta uhusiano kati ya kiasi cha malipo na kuridhika na kazi ni 0.15 hivi, kwa hesabu ileile ya 0 hadi 1. Lakini hicho ni kiasi. Mshahara unaochelewa, au unaokatika Aprili na Mei masika yakinyesha na wageni wakipungua, unamkosesha usingizi mtu wa haiba yoyote. Ukipata nafasi ya kukaa na mwajiri, omba tarehe ya uhakika kabla ya kuomba nyongeza.

Ninasimamia shamba la maua upande wa Usa River. Akina mama wa kufungasha wananuna, wanaacha kazi hovyo. Nataka niwaletee semina ya akili ya hisia. Unashauri nani aiendeshe?

Ndugu meneja, nashauri usiilete kwanza. Wanaouza semina hizi hupenda kusema kwamba wenye akili ya hisia nyingi huridhika zaidi na kazi. Uhusiano huo upo. Lakini uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Chao Miao na wenzake unaonyesha kwamba ni mkubwa pale watu wanapojipima wenyewe kwa dodoso, na ni mdogo sana pale wanapopewa mtihani wa kupima uwezo wenyewe. Mtu mwenye moyo mweupe hujisifu kwenye dodoso la hisia na huisifu kazi yake kwenye dodoso la pili. Usijenge mpango wa shamba juu ya hilo.

Simama kwenye chumba cha kufungasha siku nzima, wiki ya kabla ya Februari 14, Siku ya Wapendanao. Uingie kwenye ile baridi, upange foleni ya choo, usikie msimamizi anavyoita watu. Halafu hesabu saa. Sheria niliyoitaja juu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, na malipo ya ziada ya mara moja na nusu. Mama aliyesimama toka alfajiri akikata mashina, akijua gari la mwisho la kurudi Maji ya Chai limeshaondoka, ana kila sababu ya kununa. Kununa kwake ni taarifa, na umepewa bure.

Saa zikishanyooka, tazama kazi yenyewe. Richard Hackman na Greg Oldham, miaka ya 1970, walionyesha kwamba kazi humridhisha mtu ikitumia ujuzi zaidi ya mmoja, ikiwa na mwanzo na mwisho anaouona, ikiwa na maana kwa wengine, ikimwachia uamuzi fulani, na ikimrudishia majibu ya alivyofanya. Waonyeshe hayo maua yanafika wapi. Wapokezane vituo. Mzigo ukisifiwa na mnunuzi, wasomewe barua hiyo. Na fedha uliyotenga kwa semina ikiwa bado ipo, wafundishe wasimamizi. Hao ndio wanaoamua siku ya watu wote waliomo chumbani itakuwaje.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, Rau, nina miaka 51. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Nikisikia mkaguzi anakuja silali siku mbili. Kwa umri huu mtu anabadilika?

Shikamoo mwalimu. Ndiyo, anabadilika. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walipitia tafiti 207 zilizopima haiba ya watu kabla na baada ya kupata msaada wa kitaalamu, nyingi zikiwa za ushauri nasaha na matibabu. Sifa iliyosogea zaidi ilikuwa hiyohiyo yako, wasiwasi, na muda wa wastani ulikuwa kama wiki 24. Ni karibu nusu mwaka, siyo maisha mapya.

Na uliyoyaeleza yamezidi tabia ya kawaida. Kutolala siku mbili ni jambo la kupelekwa kwa daktari bila aibu, sawa na presha. Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, uulize kitengo cha afya ya akili. Kabla ya hapo, mkaguzi akitangazwa tena, andaa kitabu kimoja tu cha maandalio ya masomo kikae tayari mezani, kisha mwombe mwalimu mwenzako akupitie hicho kimoja. Ukifika kwa daktari mweleze kama ulivyonieleza mimi: tangu lini, unaamka saa ngapi usiku, na ni habari gani inayotangulia.