Ukitumwa Kuandika Sifa za Okestra ya Nyuzi Iliyo Ziarani

Wewe unayeanza kuandika uhakiki wa muziki, nina jambo moja la kukuambia kuhusu okestra ndogo za nyuzi: ukimsifu mwongozaji, msifu kwa kazi aliyoifanya yeye. Nimesoma sifa nyingi ambazo sehemu kubwa ilikuwa ya mtunzi aliyefariki zamani, nyingine ya ukumbi wenye mwangwi mzuri, na iliyobaki ya wapigaji, lakini zote zikaandikiwa jina la yule aliyesimama mbele na kijiti. Hapo wapigaji wanadhulumiwa, na msomaji haambulii kitu.

Nazitaja okestra ndogo makusudi. Okestra kubwa ina watu wengi na wamekaa mbalimbali mno. Bila mtu wa kuiongoza inapata taabu haraka. Hii ya wapigaji 15 hadi 25, wa fidla, viola (fidla kubwa kidogo), selo na kontrabasi (chombo cha sauti ya chini kabisa) tu, inaweza kujiendesha. I Musici wa Roma wanapiga bila mwongozaji tangu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Orpheus ya New York, ambayo ina hata vyombo vya kupuliza, imefanya hivyo tangu 1972. Richard Tognetti ameiongoza Australian Chamber Orchestra tangu 1990 huku mwenyewe akipiga fidla. Neville Marriner naye, alipoanzisha Academy of St Martin in the Fields mjini London mwaka 1958, aliongoza akiwa katika kiti cha fidla ya kwanza. Kijiti alikishika baadaye. Kwa hiyo ukiingia ukumbini ukamkuta mtu amesimama mbele ya kundi la namna hii, kaa na swali hili kichwani: akiondoka huyu, tutapoteza nini?

Mara nyingine hatupotezi kitu. Chukua sehemu ya mwisho ya Divertimento K. 136 (kazi nyepesi ya burudani; K. ni namba yake katika orodha ya kazi za mtunzi), ambayo Mozart aliitunga mwaka 1772 akiwa na miaka 16. Mapigo ni sawasawa, mwendo ni wa kasi, na wapigaji wanaofahamiana humtazama kiongozi wa fidla za kwanza, wakavuta pumzi pamoja naye, kazi ikaenda. Mikono ya mwongozaji inaweza kupendeza sana kuitazama wakati huo, lakini usiiandikie aya nzima. Mfuatilie pale mwendo unapobadilika, pale sauti inapokatika, na pale vyombo vya katikati vinapotakiwa kusikika.

Nianze na kukatika kwa sauti. Adagio, yaani kazi ya mwendo wa polepole, ya Samuel Barber, ambayo mwongozaji Toscanini aliiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1938, karibu kila okestra ya nyuzi huibeba ziarani. Wimbo wake unapanda taratibu, ngazi kwa ngazi, unahama kutoka fidla kwenda viola na selo, hadi vyombo vinafika juu kabisa kwa nguvu zote. Kisha kimya. Baadaye zinakuja sauti za chini, za taratibu, kama vile mtu mwingine ndiye anayezungumza sasa. Kuna mambo mawili hapo ambayo ni ya mwongozaji moja kwa moja. La kwanza ni akiba: wapigaji wakiachiwa, nguvu zao huisha katikati ya mlima, na kile kilele kinakuwa kelele tu. La pili ni urefu wa ule ukimya. Katika kanisa la mawe, mwangwi unaendelea kuzunguka kwa muda baada ya pinde kuinuliwa. Katika ukumbi wenye zulia na viti vya kitambaa unakufa papo hapo. Mwongozaji mwenye masikio husubiri mwangwi umalizike, akaongeza kidogo, ndipo anaingia. Asiye nayo hutumia urefu uleule kila mji. Ukiweza kuwasikia katika kumbi mbili tofauti za ziara moja, nenda kote, hata kama gazeti limekuomba makala ya usiku mmoja. Kwenye tofauti hiyo utamwona mwongozaji kuliko mahali pengine popote.

Mwendo unaobadilika, usikilize katika Serenadi ya Tchaikovsky ya mwaka 1880, kazi ya nyuzi yenye sehemu nne. Inaanza na mstari mzito unaoshuka, nyuzi zote zikipiga kwa kishindo. Mstari huo unarudi mwishoni mwa sehemu ya kwanza, unatoweka katika walzi (dansi) na elegia (wimbo wa huzuni), halafu unarudi tena karibu na mwisho wa kazi nzima, na hapo mtunzi anafichua jambo: ule mstari wa kifahari na ule wimbo wa Kirusi wa kuchezeka unaokimbia katika sehemu ya nne ni ndugu. Vyote viwili vinashuka ngazi zilezile. Mstari unaharakishwa mpaka mbele ya masikio yako unageuka kuwa ule wimbo. Sasa fikiria mwongozaji aliyeanza jioni kwa uzito uliozidi, kila noti akiivuta. Akifika mwisho, undugu huo hausikiki tena. Zinabaki tungo mbili zisizojuana. Mwongozaji anayestahili sifa katika Serenadi ameshafanya uamuzi huo katika noti za kwanza, zaidi ya dakika 20 kabla matunda yake hayajaonekana. Ukilisikia hilo, liandike kwa kirefu. Ni sifa kubwa kuliko kusema aliongoza kwa hisia.

Na kuna jambo la ziada juu ya kazi hiyohiyo. Tchaikovsky aliandika kwenye nota zake kwamba kadiri nyuzi zinavyokuwa nyingi, ndivyo anavyotaka yeye. Kundi la watu 18 linaloizungusha Serenadi kutoka mji hadi mji linafanya kinyume cha ombi la mwenye kazi, na bado wapo wanaofaulu. Jiulize wamepata wapi uzito. Mara nyingi jibu liko kwenye pinde: wote wanatumia urefu uleule wa upinde, wanauweka mahali palepale pa uzi, na kontrabasi, hata akiwa mmoja tu, anaingia mapema kidogo sana kabla ya wenzake kiasi kwamba sauti nyingine zinasimama juu yake. Hiyo ni kazi ya mazoezi, ya kiongozi wa kila kundi la vyombo pamoja na mwongozaji. Wagawie wote.

Vyombo vya katikati ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, na ndivyo wahakiki wapya wanavyovisahau. Fidla za kwanza zina wimbo, selo zina sauti ya kifua ambayo kila mtu anaijua. Fidla za pili na viola hukaa kati wakishona. Katika elegia ya Serenadi, fidla za kwanza zinaimba huku nyuzi nyingine zikidonolewa kwa vidole, na baadaye wimbo unashuka kwa viola na selo. Wakati huo ondoa macho kwa mwongozaji, yahamishie kwa viola. Je, wamebadilisha namna ya kukaa? Je, fidla za kwanza zimepunguza sauti kwa hiari, au zimekatazwa kwa mkono wa kushoto? Kote kuwili ni kuzuri, lakini si sifa ya mtu mmoja. Kundi ambalo fidla zake hujipunguza zenyewe limefundishwa kusikilizana, na mafunzo hayo huchukua misimu, si jioni moja.

Omba ruhusa ya kuhudhuria mazoezi ya kupima ukumbi. Okestra iliyo ziarani hufika mchana, hupiga dakika chache za kila kazi, kisha hupumzika. Wahakiki wengi hawaendi, nami sielewi kwa nini. Niliwahi kukaa katika mazoezi ya namna hiyo, kundi likipiga Divertimento ya Bartók. Mwongozaji alishuka jukwaani muziki ukiendelea, akatembea hadi safu za nyuma kabisa, akasimama karibu na mlango huku ameinamisha kichwa. Akarudi na maagizo mawili tu: selo na kontrabasi wafupishe noti zao kidogo, na fidla za pili wasogeze viti nusu hatua kuelekea mbele. Wakarudia ukurasa uleule. Sauti nzito iliyokuwa imefunika kila kitu ilifunguka, na ule mdundo wa dansi ukasimama wima. Usiku ule wasikilizaji walisema okestra ina sauti safi. Ilikuwa nayo, ila usafi ule ulitengenezwa mchana kwa masikio ya mtu mmoja, na aliyekuwepo ndiye pekee aliyeweza kuuandika.

Zipo pia sifa ambazo hutazikuta jukwaani hata ukitazama namna gani. Divertimento hiyo ya Bartók ya mwaka 1939 ipo kwa sababu mwongozaji wa Uswisi, Paul Sacher, aliiagiza kwa ajili ya okestra yake ya Basel. Na Metamorphosen ya Richard Strauss ya mwaka 1945, ya wapigaji 23 wa nyuzi, nayo aliiagiza yeye. Boyd Neel, daktari Mwingereza aliyeanzisha okestra ya nyuzi mwanzoni mwa miaka ya 1930, alialikwa kwenye tamasha la Salzburg mwaka 1937 akamwomba kijana Benjamin Britten kazi mpya. Tukapata tofauti zake, yaani kazi inayougeuza wimbo mmoja kwa namna nyingi, juu ya wimbo wa mtunzi Frank Bridge. Rudolf Barshai, mpiga viola aliyeanzisha okestra ndogo ya Moscow mwaka 1955, aliichukua kwarteti ya nane ya Shostakovich, kazi ya wapigaji wanne tu, akaipangia okestra nzima ya nyuzi. Yale mapigo matatu mazito katika sehemu ya nne, ambayo katika kwarteti ni ya watu wachache, kwake yanakuwa kama ukuta unaogongwa. Wengine wanaona ule upweke wa kwarteti umepotea. Mimi naona vyote viwili ni kweli, na mhakiki anapaswa kuvisema vyote. Kwa hiyo soma programu ya ziara kabla ya kwenda, uulize ni nani aliyechagua, nani aliyepanga, nani aliyeagiza. Mwongozaji anaweza kuwa wa kawaida kwa kijiti na bado akawa ameutajirisha muziki wa nyuzi kwa namna hizo.

Kuhusu maneno, sitakuchosha. "Umahiri wa hali ya juu", "kugusa nyoyo" na "kama mtu mmoja" yaache, maana yanafaa okestra yoyote usiku wowote. Andika chombo, mahali katika kazi, na kilichotokea. Na usione haya kuweka kasoro moja katikati ya sifa kama ilikuwepo; sifa isiyo na mpaka haiaminiki, na wapigaji wenyewe ndio wa kwanza kutoiamini. Wao wanajua ni ukurasa gani ulitetereka.

Bahasha ya watangazaji, ambayo itakuwa na sifa za magazeti ya miji waliyopita, usiifungue hadi umalize rasimu. Ukiisoma mapema, utamsikia mwenzako badala ya okestra. Baada ya rasimu ifungue, ikusaidie kuhakikisha majina yote na kujua kama aliyeongoza ni mwongozaji mkuu au mgeni wa ziara hii tu. Jambo hilo la mwisho linabadilisha mengi: sauti iliyojengwa kwa miaka si ya mgeni, na ya mgeni ni yale aliyoyabadilisha kwa siku chache alizopewa. Kipande cha nyongeza, kile kinachopigwa baada ya programu kuisha, nacho uliza jina lake usiku uleule, kwa sababu mara nyingi hakimo kwenye programu.

Mwisho, maneno yako yatakatwa. Ziara ikiendelea, sentensi moja kutoka kwako itawekwa kwenye bango la mji unaofuata, bila aya iliyoitangulia na bila ile kasoro uliyoitaja. Huwezi kuzuia hilo, ila unaweza kuandika sentensi za sifa ambazo hata zikikatwa bado zinasema kweli. "Okestra bora kuliko zote" ikikatwa inabaki madai matupu. "Viola walipopokea wimbo, okestra nzima ilishusha sauti kuwapisha" ikikatwa inabaki vilevile, na kila mmoja aliyekuwa jukwaani usiku ule anajua ni yake.